UZI: Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331 ndani ya gemu ya kufundishia historia: vipimo, pepo, maji, na vitu ambavyo havitakiwi kuonekana

MjengaRamani (mwanzisha uzi)

Habari za leo wadau. Uzi huu ni wa wanaotengeneza gemu ya kufundishia historia ya Pwani. Tushike mji mmoja na mwaka mmoja: Kilwa Kisiwani, 1331. Huo ndio mwaka msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa akitokea Mombasa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatawala. Kwa kipindi hicho tuna maneno ya shahidi, tuna magofu, tuna sarafu zenye jina la sultani mwenyewe, na tuna uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick wa miaka ya 1950 na 1960. Si mji mwingi wa Pwani wenye vyote hivyo kwa wakati mmoja.

Sababu ya kung'ang'ania mwaka ni hii. Ukisema tu "Kilwa ya kale", msanii wako atapiga picha kila gofu lililosimama kisiwani leo na kuyaweka yote pamoja, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba sultani wa karne ya 14 alikuwa jirani wa ngome ya Wareno. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufuta. Gereza ondoa: Wareno walijenga ngome hapo 1505, na jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani. Makutani ondoa, hilo ni jumba la karne ya 18. Msikiti Mdogo wenye kuba, Msikiti wa Jangwani na ile Nyumba Kubwa karibu na Msikiti Mkuu, yote ni ya karne ya 15. Ng'ambo ya bara usiweke mji wa Kilwa Kivinje, huo ni wa baadaye sana.

Kinachobaki ni Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Husuni Ndogo, visima, makaburi, ufuko wa kupandishia vyombo, na mji wa watu wa kawaida, ambao ndio mkubwa kuliko vyote na ndio unaosahaulika.

Msikiti Mkuu wenyewe una awamu. Ukumbi wa kaskazini ndio mkongwe, paa lake bapa lilibebwa na nguzo 9, tatu kwa tatu, zilizogawa ukumbi sehemu 16. Upanuzi mkubwa wa kusini ni kazi ya wakati wa al-Hasan, kwa hiyo 1331 uonekane mpya, chokaa bado nyeupe, nguzo za pembe nane zilizochongwa kila moja kutoka jiwe moja la matumbawe. Upanuzi huo ulikuja kuanguka na ukajengwa upya karne ya 15, ndiyo maana nguzo zinazosimama sasa zimeungwa kwa mawe na chokaa. Ukinakili magofu kama yalivyo, umeshatoka kwenye mwaka wako kwa miaka karibu 90.

Naanzia hapo. Wenye vipimo, wenye bahari, wenye darasa, karibuni.

---

Boriti_Mkoko

Mkuu umeanza vizuri. Nitie upande wa ujenzi, maana hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibika.

Kipimo kinachotawala nyumba ya mawe ya Pwani ni urefu wa boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na urefu unaobeba dari bila kupinda hautoshi kuvuka chumba kipana. Ndiyo maana vyumba vina upana wa mita 2.5 hadi 2.8 tu, halafu vinaruhusiwa kuwa virefu kadiri mwenyewe anavyotaka. Ukitengeneza seti ya vipande vya kuunganisha, tumia upana wa ndani wa mita 2.6, ukuta wa nusu mita, na urefu uende kwa hatua za mita 2. Chumba cha mita 6 kwa 6 chenye dari bapa bila nguzo hakikuwapo, na macho ya mtu anayejua yatakwama hapo hapo.

Dari inapangwa hivi: boriti zilizochongwa pande zikae kwa mkabala, juu yake vibapa vya mawe ya matumbawe, juu yake zege la chokaa na kokoto za mawe, likipondwa mpaka lishikamane. Unene wote unazidi sentimita 30. Onyesheni unene huo kwenye ukingo wa paa na kwenye ngazi ya kupandia juu. Modeli zenye dari nyembamba ya sentimita 10 zinafanya nyumba ionekane ya karatasi, na mwanafunzi hataelewa kwa nini mzigo ule ulidai kuta nene na vyumba vyembamba.

Mawe ni aina mbili, tafadhali msiyachanganye. Ukuta wenyewe ni mawe ya mwamba wa matumbawe wa nchi kavu, magumu, hayana umbo, yanafungwa kwa chokaa. Miimo ya milango, mihirabu, nguzo na mapambo ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi. Likiwa limelowa huchongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Katika gemu hili ni fumbo zuri: fundi ana muda wa kuchonga kabla jiwe halijakauka, akichelewa inabidi atume wapiga mbizi wakate jingine maji yakipwa.

Chokaa nayo ina hatua zake. Magogo yanapangwa kwa duara, katikati linaachwa tundu, juu yanapangwa mawe ya matumbawe, moto unawashwa kutoka katikati. Likishaungua, rundo linaachwa linyeshewe mvua mpaka lilainike na kuwa unga mweupe, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyokuwa bora. Kwa hiyo chokaa ya msikiti haipatikani kwa kubofya mara moja. Mchezaji aichome kiangazi, masika yaipite, ndipo ajenge. Kuni hizo pia zihesabiwe, mti unaochomwa kwenye tanuu haurudi kesho.

Jambo la mwisho kwa leo ni rangi. Magofu ni ya kijivu na meusi kwa kuvu. Mji ulio hai ulipakwa lipu ya chokaa. Msichukue teksicha kwenye picha za watalii.

---

KaureNaShanga

Naomba niingie hapo kwenye "mji wa watu wa kawaida" kabla hatujasahau tena. Ibn Battuta aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, na katika maneno hayo hayo akasema majengo ni ya miti na mapaa ni ya nyasi. Wengi wakisoma hapo wanadhani alikosea kwa sababu magofu ni ya mawe. Hakukosea. Mwaka 1331 nyumba nyingi zilikuwa za miti, fito na udongo wa kukandika, na nyumba za mawe za watu binafsi zilienea zaidi baadaye. Nyumba ya udongo inayeyuka ikiachwa, ya mawe inabaki, kwa hiyo magofu yanatudanganya kuhusu wingi.

Pendekezo langu kwa ramani: kati ya kila nyumba 10 zinazoonekana, angalau 8 ziwe za kukandika na kuezekwa makuti au nyasi. Mawe yabaki kwa msikiti, jumba la sultani, makaburi ya watu wakubwa na nyumba chache za matajiri.

Sasa vyombo. Kwa 1331 vyombo vingi jikoni ni vyungu vya hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na kutiwa mapambo ya kuchora shingoni. Bakuli la nje ni la fahari: la njano lenye michoro myeusi kutoka Yemen, au kaure ya kijani kutoka China. Husuni Kubwa ilipatikana chupa ya kaure ya enzi ya Yuan, ya karibu mwaka 1300, hiyo unaweza kuiweka chumbani kwa sultani bila wasiwasi. Lakini ile kaure nyeupe yenye maua ya buluu, ambayo kila msanii anaipenda, ni ya baadaye. Mkiijaza sokoni mmekwenda karne ya 15 au zaidi.

Sokoni mle mle angalieni chakula. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili kali, papai, nanasi na karanga asili yake ni Amerika, havikuwapo Pwani kabla ya 1500. Karafuu isimee popote, mashamba ya karafuu Zanzibar ni mambo ya karne ya 19. Weka mtama, uwele, mchele, nazi, ndizi, kunde, ndimu, samaki, kuku, mbuzi. Nguo: pamba ilisokotwa na kufumwa hapa hapa. Dalili yake ni vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Kitu kidogo kama hicho mpe mwanafunzi akiokote mchangani, akigeuze mkononi, ndipo aone mwanamke akikitumia. Kanga msiweke, ni ya karne ya 19. Milango ile ya kuchongwa yenye misumari ya shaba na vile vidaka vya lipu ukuta mzima kama Lamu, navyo ni vya karne nyingi baadaye.

---

PikseliNdogo

Wakuu, mkijenga yote hayo kwa undani huo, simu ya mwanafunzi itazima. Ngoja niweke hesabu za mashine.

Lenga simu yenye kumbukumbu ya GB 2 na kompyuta za shule zisizo na kadi ya picha. Ukitumia Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu), chagua mfumo wa kuchora wa Compatibility tangu siku ya kwanza. Ukianza na Forward+ kwenye kompyuta yako nzuri halafu ukahamia mwishoni, mwanga na vivuli vitabadilika na kazi ya miezi itarudiwa.

Kipimo kimoja kiwe mita moja, kila mahali, Blender (programu ya kuchonga modeli) na Godot. Nyumba ya kukandika isizidi pembetatu 400, nyumba ya mawe 1,500, Msikiti Mkuu 15,000 kwa undani wa karibu, na kila jengo kubwa liwe na modeli tatu za viwango vya undani. Vipande vyote vya ukuta vitumie teksicha moja ya pamoja ya pikseli 1024 kwa 1024. Hapo ndipo unapookoa zaidi, kwa sababu simu dhaifu hailemewi sana na pembetatu, inalemewa na idadi ya mara inazoagizwa kuchora. Minazi na mikoko itolewe kwa MultiMesh (nakala nyingi za modeli moja kuchorwa kwa agizo moja). Mnazi mmoja mmoja ukiwa nodi yake, minazi 600 inatosha kushusha fremu kutoka 30 hadi 10 kwa sekunde.

Vivuli vya muda halisi vizime, tumia ramani ya mwanga iliyookwa mapema. Mitego miwili: modeli lazima iwe na UV2 (ramani ya pili ya kubandika picha juu ya modeli) isiyopandana, la sivyo unapata madoa meusi kwenye pembe za kuta, na kuoka kunahitaji kompyuta yenye kadi ya picha inayomudu Vulkan hata kama gemu yenyewe itachezwa kwenye simu. Kwa sababu mwanga umeokwa, saa ya mchana haiwezi kubadilika ovyo. Oka mara mbili, asubuhi na alasiri, badilisha kwa giza fupi la mpito.

Sura ya ardhi: data ya bure ya setilaiti ya mita 30 inatosha kupata umbo la kisiwa na mikono ya bahari, haitoshi kwa urefu. Kwanza inapima vilele vya miti, kwa hiyo msitu wa mikoko unaotoka kwenye usawa wa maji unaonekana kama kilima. Pili mwamba ulio chini ya Husuni Kubwa unalainishwa kuwa mteremko, na bila ule mwamba jumba linapoteza maana yake yote. Ifungue kwenye QGIS (programu ya ramani), kata kisiwa, halafu rekebisha kwa mkono: mikoko shusha, genge la Husuni simamisha wima.

Magofu yamekwisha kupimwa kwa leza na mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Ombeni ruhusa na msome masharti ya matumizi kabla ya kuchukua chochote. Vipimo hivyo ni vya kunakilia ukubwa na pembe, visiingizwe kwenye gemu moja kwa moja, vina mamilioni ya nukta na vinaonyesha ukuta uliovunjika.

Na kwa maandishi ya Kiarabu kwenye sarafu na mawe, Godot 3 inatenganisha herufi na kuzigeuza. Godot 4 inaziunganisha sawasawa.

---

Tanga_la_Miyaa

Bahari haijaguswa bado, na Kilwa bila bahari ni kijiji chenye msikiti mkubwa.

Kwa nini Kilwa ikatajirika? Jibu liwe ndani ya kanuni za gemu, lisiwe kwenye maandishi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi inashika kuanzia Aprili, inawarudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo kinaweza kufika kwa kaskazi moja, kikauza, kikanunua, na kikawahi kusi ya mwaka huo huo. Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilitokea, iko nje ya mpaka huo. Ibn Battuta anasema Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa. Mfanyabiashara wa Aden akitaka kwenda Sofala mwenyewe, anakosa upepo wa kurudi na analala mwaka. Kwa hiyo watu wa Kilwa wanaifuata dhahabu kwa vyombo vya mwambao, wanaiweka ghalani, mgeni anaikuta.

Mwanafunzi asielezwe hayo. Mpe nahodha wa Aden, mwachie apite Kilwa aende kusini akipenda. Atafika Sofala, atanunua rahisi, halafu kusi itamkuta hayuko tayari, na chakula cha mabaharia kitakwisha bandarini. Raundi ya pili ataishia Kilwa mwenyewe.

Kwenye msimbo, upepo uwe na hali nne: kaskazi, upepo wa Aprili unaogeuka, kusi kali, na kusi inayolegea. Juni na Julai kusi ni kali mno na bandari za Arabuni hazifikiki kwa usalama, kwa hiyo madirisha ya kurudi ni mawili: Aprili hadi Mei, na Agosti hadi Septemba. Aliyekosa la kwanza anasubiri la pili na analipia kusubiri huko. Kosa la kawaida la watengenezaji ni kuweka kitufe cha kufika papo hapo. Ukikiweka, umefuta somo zima. Kama lazima kuruka muda, basi kila siku inayorukwa ipunguze chakula na maji ya chombo.

Maji kupwa na kujaa: tofauti wakati wa bamvua inazidi mita 3, wakati wa maji mafu ni ndogo sana. Tumia uso mmoja wa bahari unaopanda na kushuka kwa kosini yenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25, na ukubwa wake uongezeke na kupungua kwa siku 14 na robo tatu. Kwa gemu, mita 1.6 juu na chini ya wastani wakati wa bamvua na mita 0.5 wakati wa maji mafu inatosha. Vyombo vinapandishwa ufukoni maji yakijaa, vinakaa mchangani maji yakipwa, mzigo unashushwa kwa miguu. Msijenge gati la mbao.

Chombo ni mtepe. Mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), hakuna msumari, na tanga ni la mraba, la mkeka. Jahazi lenye tanga la pembe tatu la kitambaa ndilo linalopatikana kwenye maktaba za modeli za bure, na ndilo linalowekwa na kila mtu. Mishono ionekane, safu za kamba zinazopita kwenye matundu kila baada ya kiganja, maana mwanafunzi akiiona ataelewa kwa nini minazi ilikuwa mali ya baharia.

---

PikseliNdogo

Nyongeza kwa ndugu Tanga. Maji yakishuka ufuko unapanuka na wahusika wanatakiwa wautembee. Usiijenge upya ramani ya njia za wahusika gemu ikiwa inaendelea, simu za bei ndogo zinaganda kwa sekunde kadhaa. Tengeneza ramani mbili mapema, ya maji kujaa na ya maji kupwa, uzibadilishe katikati ya mzunguko. Yeyote aliyebaki eneo la maji wakati wa kubadilisha asogezwe taratibu hadi nukta ya karibu, bila hivyo utapata wachukuzi wamesimama chini ya bahari.

---

Mwl_Historia

Asanteni wataalamu. Mambo mawili mazito upande wa maudhui, moja jepesi upande wa darasa.

La kwanza ni mwanzo wa mji. Habari za Kilwa zilizoandikwa zamani zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Gemu nyingi zingependa kuanza hapo, merikebu inatia nanga kisiwa kitupu. Uchimbaji unaonyesha watu walikaa Kilwa kabla ya hapo, tangu karibu karne ya 9, wakivua, wakifua chuma na kufinyanga vyungu vya aina ile ile iliyotapakaa mwambao. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa miji ya kale ya Pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, ukaonyesha damu ya Kiafrika na ya Asia, hasa ya Uajemi, zikichanganyika tangu karibu mwaka 1000, na upande wa mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Hadithi ya nguo isifutwe. Aisimulie mzee barazani, na mwanafunzi apewe vigae vya chini kabisa vya shimo la uchimbaji avilinganishe na simulizi hilo. Mitihani yetu inauliza vyanzo vya historia kila mwaka, na hapa masimulizi, maandishi na akiolojia vimekaa mahali pamoja.

La pili ni utumwa. Ibn Battuta anaeleza fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa, sultani akazivua akampa. Baadaye mtoto wa sultani akazichukua na kumpa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezwe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Kisa hiki hufundishwa kama ukarimu tu, ndiyo sababu sultani aliitwa baba wa vipawa. Lakini watu 20 walitolewa zawadi, na Ibn Battuta anataja pia mashambulizi ya sultani bara na ngawira iliyoletwa. Kuwafuta ni uongo. Kuwaweka kwenye jedwali la bidhaa pamoja na shanga, mtoto abofye "nunua", hilo ni baya zaidi. Njia inayofanya kazi: waonekane kama watu wenye majina na kazi, mchukuzi, mchota maji wa lile bwawa la pembe nane Husuni Kubwa ambalo maji yake yalitekwa kisimani kwa mikono, na kisa cha fakiri kisomwe kama maandishi, kikifuatiwa na swali la nani hakusikilizwa humo. Biashara ya watu isiwe na pointi wala faida kwa mchezaji.

La darasa: kipindi ni dakika 40. Kuwasha mashine na kutulia kunakula 8, mjadala unahitaji 12. Sehemu moja ya gemu isizidi dakika 18, na ijitunze yenyewe kila baada ya dakika 2, kwa sababu umeme ukikatika hakuna aliyehifadhi. Isidai intaneti hata mara moja. Mashine moja kwa wanafunzi 4: mmoja anashika nahodha, mmoja hesabu, mmoja ramani, mmoja anaandika ushahidi.

---

MjengaRamani

Mwalimu, hilo la bwawa limekaa vizuri sana. Kuhusu muda, umbali halisi unatubana. Husuni Kubwa iko zaidi ya kilomita moja mashariki ya mji, kwa mwendo wa kawaida wa mtu ni robo saa, yaani karibu dakika zote 18 za sehemu moja ya gemu. Majengo yabaki kwa kipimo kamili, ardhi tupu kati ya mji na Husuni ikatwe hadi mita 250, na njia ya pili iwe kwa dau kando ya ufuko hadi ngazi inayopanda kutoka baharini. Kuwasili kwa ngazi ile ndiko kunakoonyesha ukubwa wa jumba: vyumba zaidi ya 100, uwanja wa kusini wenye maghala ya biashara, baraza la kupokelea wageni, bwawa, na sehemu ya ndani ya makazi kwenye ncha ya mwamba. Pengine jumba halikukamilika kabisa, kwa hiyo kona moja iwe na mafundi kazini, hapo ndipo somo la ndugu Boriti la chokaa na matumbawe lifanyike.

Husuni Ndogo, ng'ambo ya korongo, ni boma la mstatili lenye minara, na kazi yake haijathibitishwa. Liwekeni lifungwe, na alama ya "hapa wataalamu wanabishana".

Alama hiyo naipendekeza kwa mji mzima. Gemu za Discovery Tour, ile ya Misri ya 2018 na zilizofuata, ziliweka vituo vinavyoeleza watengenezaji walitoa wapi walichokiweka na wapi walikisia. Ile ya Misri ilikuwa matembezi 75 yenye msimulizi, ya Ugiriki ikaongeza maswali, na ya Waviking ya 2021 ikahamia kwenye wahusika wenye kazi za kufanya. Mwelekeo huo unafaa kuigwa: mtoto anakumbuka alichofanya kuliko alichosimuliwa. Kwetu tutumie rangi tatu tu mtu akishika kitu: kilichochimbwa, kilichoandikwa, kilichokisiwa.

---

KaureNaShanga

Sarafu basi, ili mifumo ya biashara ikamilike. Sarafu za al-Hasan bin Sulaiman ni za shaba, ndogo, kama sentimita 2, na hazina mwaka. Msiandike 731 Hijria juu yake hata kama inapendeza. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mola, upande wa pili jina la sultani, na pande mbili zina vina. Fumbo lake ni hilo: mpe mwanafunzi nyuso sita zilizotawanyika, azipatanishe kwa kusikiliza vina. Sarafu za dhahabu za al-Hasan zipo lakini zilizopatikana zinahesabika kwa vidole, kwa hiyo dhahabu sokoni ipimwe kwa mizani, kwa mithkali, kama gramu 4.25 moja. Shaba itumike kwa manunuzi madogo ya mjini.

Sarafu moja ya shaba ya sultani huyu ilipatikana Great Zimbabwe. Iwe ndiyo zawadi ya mwisho wa safari ya Sofala, maana kwa kitu kimoja inaunganisha ramani nzima.

Ushuru: mnaweza kuazima kanuni iliyoandikwa na Mreno mwaka 1506, kwamba chombo kiliingia Kilwa kwa mithkali 1 kwa kila nguo 500, na dhahabu ikirudi kutoka Sofala ililipiwa mithkali 50 kwa kila 1,000. Ni miaka 175 baada ya mwaka wetu, kwa hiyo ipakeni rangi ya "kilichokisiwa".

---

Boriti_Mkoko

Mkuu MjengaRamani, hiyo kona ya mafundi iwekeni karibu na vyumba vyenye dari za mviringo, maana dari ya mviringo haitegemei boriti. Mwanafunzi akitoka chumba cha dari bapa chenye upana wa mita 2.6 akaingia chini ya kuba, ataona mwenyewe fundi alivyokwepa kizuizi cha mkoko. Msiweke maandishi pale. Wekeni kamba ya kupimia mkononi mwake, aruhusiwe kupima chumba chochote mjini, na daftari linalojiandika vipimo. Akishapima vyumba vitano vya boriti atakuta upana haupandi, urefu tu ndio unaobadilika, na swali la kwa nini litakuwa lake.

---

Tanga_la_Miyaa

Kamba hiyo hiyo mpeni aning'inize jiwe apime kina cha maji mlangoni mwa bandari. Akipima siku ya maji mafu na siku ya bamvua atajua chombo chake kinaingia lini, na hatahitaji mshale wa kumwelekeza.

---

MjengaRamani

Nimeongeza kamba. Kazi ya kwanza ya kujenga ni sehemu moja ya dakika 18: kuwasili ufukoni maji yakijaa, kupima chumba kimoja cha mawe na nyumba moja ya kukandika, kupatanisha sarafu, kulipa ushuru. Atakayeshughulikia seti ya kuta za mita 2.6 aanze na Blender, kipande cha kona kwanza, kwa sababu kona ikikosea nusu mita ya unene, vipande vingine vyote havitafungana.